501(c)(3), klabu au mwavuli? Njia nne za kuisajili jumuiya yetu Marekani

Barua ilikuwa na namba pembeni: CP120A. Ilikuwa imetumwa kwenye nyumba aliyokuwa amepanga katibu wetu wa zamani, ikakaa huko wiki sita, mpaka mpangaji mpya alipokutana na mmoja wetu kwenye duka la vyakula vya Kiafrika akamwambia kuna bahasha za serikali zinatusubiri. Tulikuwa hatujapeleka fomu ya mwaka kwa miaka mitatu. Hela hazikuliwa. Salio lilikuwapo benki, daftari lilikuwapo, hata risiti za ukumbi zilikuwapo kwenye boksi la viatu. Kilichokosekana ni fomu ya mtandaoni yenye maswali manane, isiyolipiwa hata senti, ambayo kila kiongozi alidhani mwenzake ameshaijaza. Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, ikafuta msamaha wetu wa kodi, na sheria haikuwapa nafasi ya kutuonea huruma.

Tangu hapo viongozi wa jumuiya nyingine za Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi hunipigia simu, na swali huwa lilelile: "Kaka, na sisi tuchukue 501(c)(3)? Wenzetu wa mji wa pili wanayo." Hicho ni kifungu cha sheria ya kodi kinachosamehe mashirika ya hisani. Jibu langu huwaudhi kidogo, maana nami nauliza: hela zenu zinatoka kwa nani, na zinakwenda kwa nani? Mwenye jibu la hilo ameshamaliza nusu ya kazi. Wengi huanza na jina la kifungu, wakaja kugundua baadaye kwamba wanachokifanya kila wikendi hakiingii humo.

Nimekuwa mweka hazina, si wakili wala mhasibu mwenye leseni. Ninayoyaandika ni ya sheria ya kodi ya serikali kuu ya Marekani. Kila jimbo lina yake juu ya hayo, na nitayagusa njiani.

Tunapima kwa lipi

Kipimo cha kwanza kinazidi vingine vyote kwa uzito: nani anafaidika. Ni wanachama wenyewe, au ni umma? Cha pili ni mlango wa kuingilia, yaani fomu ipi na ada kiasi gani. Cha tatu ni kazi ya kila mwaka. Cha nne ni anachopata mtu anayetoa mchango. Cha tano ni mipaka: siasa, mapato ya pembeni, na kutuma hela nyumbani.

Njia zenyewe ni nne: shirika la hisani, yaani 501(c)(3), klabu ya wanachama, 501(c)(7), shirika la ustawi wa jamii, 501(c)(4), na kukaa chini ya mwavuli wa shirika la hisani ambalo tayari lipo.

Yanayowahusu karibu wote

Kwanza jimbo. Kusajiliwa na ofisi ya Katibu wa Jimbo kama shirika lisilotafuta faida si kusamehewa kodi na IRS. Hivi ni vitu viwili, na kila mwaka nakutana na mtu aliyevichanganya. Cheti cha jimbo kinawapa kuwapo kisheria. Msamaha wa kodi unatafutwa kwingine. Na hata ukiupata wa IRS, msamaha wa kodi ya mauzo dukani ni wa jimbo na una fomu zake.

Pili, EIN, namba ya mwajiri, ambayo ni bure mtandaoni na huchukua dakika chache. Urahisi wake ndio mtego. IRS huchukulia kwamba mtu anayeomba EIN kwa jina la shirika lisilotafuta faida tayari ameliunda kisheria, na saa ya miaka mitatu, ile ya kufutwa usipojaza fomu, inaanza kutembea hapo hapo. Nimeona watu walioomba namba ili wafungue akaunti ya benki tu, mradi ukalala, wakaja kufufuka mwaka wa nne na kukuta wameshafutwa kwenye kitu ambacho hawajakianza.

Tatu, ngazi za fomu 990, taarifa ya kila mwaka kwa IRS. Hizi zinawahusu karibu wote walio na msamaha, si 501(c)(3) peke yao:

- Mapato ghafi ya kawaida yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka: 990-N, ile inayoitwa postikadi. Jina, anwani, EIN, kiongozi mmoja, tovuti kama ipo, na kuthibitisha kwamba hamjavuka kiwango. Hakuna hesabu ndani yake.
- Chini ya dola 200,000 za mapato na chini ya 500,000 za mali: 990-EZ.
- Zaidi ya hapo: 990 kamili.

Mapato ghafi ni kila kilichoingia kabla hamjatoa gharama. Mkikusanya dola 58,000 za tiketi na michango, ukumbi na chakula vikala 57,000, nyinyi ni watu wa 58,000, si wa 1,000. Neno "kawaida" lina nafuu yake: shirika lenye miaka mitatu au zaidi hupimwa kwa wastani wa miaka mitatu, na lile la mwaka wa kwanza huruhusiwa kufika 75,000 likabaki kwenye postikadi.

Tarehe ni siku ya 15 ya mwezi wa tano baada ya mwaka wenu wa hesabu kufungwa. Kwa wanaofuata kalenda ni tarehe 15 Mei. Fomu 8868 huongeza miezi sita kwa 990 na 990-EZ, lakini haiongezi kitu kwa postikadi. Zote sasa zinapelekwa kwa mtandao. Anayechelewesha postikadi hatozwi faini, anayechelewesha nyingine faini hupanda kila siku. Anayekosa miaka mitatu mfululizo, kwa fomu yoyote, msamaha wake unakufa wenyewe siku ya mwisho ya kupeleka fomu ya mwaka wa tatu. Kanuni hii ilitungwa mwaka 2006, na IRS ilipotangaza orodha ya kwanza mwaka 2011 iliyataja mashirika yapatayo 275,000. Kwa hiyo hatukuwa peke yetu, ingawa siku ile haikutufariji.

Na tafadhali, katibu akihama, jazeni fomu 8822-B ya kubadili anwani. Sisi hatukujaza.

Shirika la hisani: 501(c)(3)

*Nani anafaidika.* Umma, au kundi la wahitaji lililo wazi kiasi kwamba huwezi kuwahesabu kwa majina. Madarasa ya Kiswahili kwa watoto waliozaliwa huku, kuwasaidia wakimbizi wapya wa Kivu kujua basi la kwenda hospitali, kununua madawati ya shule ya msingi Singida: hayo yote yanaingia vizuri. Kisichoingia ni kikundi ambacho faida yake inaishia kwa walio na kadi ya uanachama. Katiba lazima iseme kazi ni ya hisani au elimu, na kwamba shirika likivunjwa mali itakwenda kwa shirika jingine la aina hiyo, si kugawanwa. Kwa watu tuliozoea kuvunja kikoba na kurudishiana hisa mwezi Desemba, kipengele hiki huleta minong'ono ukumbini. Kisomwe kwa sauti kabla ya kura.

*Mlango.* Kuna milango miwili, yote kupitia tovuti ya Pay.gov. Fomu 1023 ni dola 600 na inataka maelezo marefu: mtafanya nini, bajeti, mahusiano ya wajumbe wa bodi. Fomu 1023-EZ ni dola 275, ni fupi, na ni ya wasiotegemea kuvuka dola 50,000 kwa mwaka katika miaka mitatu ijayo, na mali isiyozidi 250,000. Ombi likiingia ndani ya miezi 27 tangu mwisho wa mwezi mlioundwa, msamaha hurudi nyuma hadi siku ya kwanza. Makanisa na misikiti haiombi wala haijazi 990. Shirika la hisani la umma ambalo mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 5,000 nalo halilazimiki kuomba.

Ningependa kusema neno kuhusu EZ. Ni ya haraka, na ndiyo maana watu hutia tiki bila kusoma. Fomu ndefu inakulazimisha kuandika kwa mkono wako nini mtafanya na kwa nani, na jumuiya mbili ninazozifahamu zilipofika kwenye maswali hayo ziligundua kwamba kazi yao kubwa ni sherehe. Dola 325 za ziada ziliwaokoa na uongo ambao wasingejua wameusema.

*Kila mwaka.* Ngazi za 990 kama zilivyo hapo juu. Zaidi ya hapo, lazima muonekane mnategemezwa na watu wengi. Kipimo cha kawaida ni theluthi moja ya msaada kutoka kwa umma, na miaka mitano ya kwanza mna nafasi ya kujenga hilo. Familia moja tajiri ikilibeba shirika peke yake, mnageuka kuwa mfuko binafsi, na huko kuna 990-PF hata kama mapato ni kidogo, pamoja na kodi ya asilimia 1.39 kwenye mapato ya uwekezaji. Majimbo takribani 40 pia hutaka shirika lijiandikishe kabla ya kuomba michango. Texas kwa mashirika mengi haina hitaji hilo. Minnesota inalo, lakini inawaachia wadogo wa kujitolea wasiofikisha dola 25,000 za michango. California ina fomu yake ya kila mwaka kwa Mwanasheria Mkuu. Fomu zenu za 990 ni za wazi: mwanachama yeyote aliyekasirika anaweza kudai nakala za miaka mitatu, na mengi yapo mtandaoni tayari.

*Mtoaji.* Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine. Anayetoa anaweza kupunguza mchango wake kwenye kipato chake kinachotozwa kodi. Zamani ilimfaa zaidi anayeorodhesha makato yake moja moja, na wengi wetu hatufanyi hivyo. Kuanzia mwaka wa kodi 2026 hata asiyeorodhesha anaweza kupunguza hadi dola 1,000 za fedha taslimu, au 2,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Mchango wa dola 250 na zaidi unahitaji barua kutoka kwenu inayosema kama mtoaji alipewa kitu au la. Tiketi ya sherehe inayozidi dola 75 ina hesabu yake: mgeni akilipa 100, mkampa pilau, nyama choma na kinywaji vya thamani ya 40, kinachopunguza kodi ni 60, na lazima mumwambie hivyo kwa maandishi.

*Mipaka.* Kumpigia debe mgombea ni marufuku kabisa, hata kwa ukurasa wa jumuiya. Ningelichukulia katazo hili hivyohivyo kwa chaguzi za Dodoma, Nairobi na Kinshasa, hasa sasa Wakenya wanapoelekea 2027 na wanasiasa wanakuja huku kukutana na "ndugu zetu wa daispora". Kuwashawishi wabunge kuhusu sheria kunaruhusiwa kwa kiasi kidogo.

Kutuma hela nyumbani kunaruhusiwa, ila bodi ya hapa iwe ndiyo inayoamua. Shirika likiwa mfereji tu, hela zinaingia Columbus asubuhi na kutokea Mwanza jioni bila bodi kuwa na sauti, mchango ule haupunguzi kodi ya mtu. Weka mkataba na shule, haki ya kusimamisha malipo, ripoti, picha za madawati yakiwa na watoto juu yake. Kwenye 990 kamili, shughuli za nje zinazozidi dola 10,000 zina jedwali lake. Na shirika lenye akaunti nje ya Marekani ambazo kwa pamoja zimevuka dola 10,000 hata kwa siku moja, lina taarifa ya FBAR ya kupeleka. Hii haichagui njia: klabu nayo ikiwa na akaunti Dar es Salaam inahusika.

*Inawafaa* wenye kazi ya umma inayoendelea, na watu wawili watatu wasiochoka na makaratasi.

Klabu ya wanachama: 501(c)(7)

*Nani anafaidika.* Wanachama, na hakuna anayejificha. Kukutana, kucheza, kula, timu ya mpira ya Jumapili, sherehe ya Uhuru tarehe 9 Desemba au Jamhuri tarehe 12. Nadhani jumuiya nyingi zetu kwa asili yake ni hii, na hakuna aibu ndani yake. Watu wanaona kama daraja la pili kwa sababu halina neno "hisani".

*Mlango.* Si lazima kuomba. Klabu inaweza kujitangaza yenyewe na kuanza kujaza 990, ingawa mara ya kwanza itabidi mpige simu IRS wawaingize kwenye mfumo ndipo postikadi ikubali EIN yenu. Mkitaka barua ya uthibitisho, fomu 1024, dola 600.

*Kila mwaka.* Ngazi zilezile. Usajili wa kuomba michango haugusi sana klabu inayoishi kwa ada za wanachama wake, lakini soma sheria ya jimbo lako kabla ya kubandika tangazo.

*Mtoaji.* Hapunguziwi kitu. Klabu ambayo mapato yake kwa kawaida yanazidi dola 100,000 inalazimika kuandika wazi kwenye maombi yake ya michango kwamba mchango haupunguzi kodi.

*Mipaka.* Hapa kuna shimo. Hela zinatakiwa zitoke kwa wanachama. Kutoka nje, pamoja na riba ya benki, isizidi asilimia 35 ya mapato ghafi, na ndani ya hiyo, yanayotokana na wasio wanachama kutumia huduma zenu yasizidi asilimia 15. Chukua familia 80 zinazolipa dola 20 kwa mwezi: hiyo ni 19,200 kwa mwaka. Kisha mnaleta mwanamuziki kutoka nyumbani, mnauza tiketi za dola 18,000 kwa watu wasio wanachama. Jumla ni 37,200, na wa nje wamechangia asilimia 48. Hapo IRS ina sababu ya kuhoji kama nyinyi bado ni klabu au ni waandaaji wa matamasha. Zile 18,000 pia, baada ya kutoa gharama zake, zinatozwa kodi ya asilimia 21 kama mmesajiliwa kama kampuni, kwa fomu 990-T, ambayo huanza kudaiwa mapato ya aina hiyo yanapofika dola 1,000. Mgeni aliyelipiwa na mwanachama ni hesabu nyingine, kwa hiyo daftari la mlangoni lionyeshe nani kamleta nani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na safari hii inapotelea kwa mtoza kodi.

Kwa shirika la hisani, tamasha la mara moja kwa mwaka linaloendeshwa na watu wa kujitolea kwa kawaida halina kodi hiyo. Tofauti hii ni kubwa, na ndiyo sababu pekee ya haki inayofanya baadhi ya jumuiya zenye shoo kubwa zihamie upande wa hisani, mradi faida ya shoo iende kwenye hisani kweli.

*Inawafaa* wanaokutana kwa ajili ya kukutana.

Ustawi wa jamii: 501(c)(4)

*Nani anafaidika:* jamii nzima ya mahali. Kikundi kinachopigania wakalimani wa Kiswahili kwenye mahakama na hospitali za mji wenu kinakaa hapa vizuri. *Mlango:* taarifa ya fomu 8976 ndani ya siku 60 tangu kuundwa, dola 50. Mkitaka barua kamili, 1024-A, dola 600. *Kila mwaka:* 990 zilezile, na usajili wa jimbo kama mnaomba michango. *Mtoaji:* hapunguziwi. *Mipaka:* mnaweza kushawishi kuhusu sheria bila kikomo ilimradi inahusu kazi yenu, na hata siasa za wagombea kiasi fulani, mradi isiwe kazi yenu kuu. *Inawafaa* wanaharakati.

Wapo wanaokimbilia hapa wakidhani ni mahali pa kuweka kikundi cha kufa na kuzikana, kwa kuwa neno "ustawi" linasikika hivyo. Mwaka 1975 IRS ilitoa uamuzi, namba 75-199, kuhusu kikundi ambacho ungedhani ni chetu: watu wa kabila moja wanaokaa eneo moja, wanalipana wakiugua, na familia hulipwa mwanachama akifariki. Jibu likawa si 501(c)(4), kwa sababu wanaofaidika ni wanachama wenyewe.

Chini ya mwavuli

*Nani anafaidika.* Umma, kama shirika la hisani, kwa sababu kisheria nyinyi ni mradi wa shirika la hisani lenye barua yake tayari.

*Mlango.* Hakuna fomu ya IRS kwenu. Kuna mkataba, na mkataba huo ndio kila kitu. Mwenye mwavuli hukata asilimia fulani ya kila kinachoingia. Kati ya 5 na 10 ni jambo la kawaida. Kabla ya kusaini muulize: malipo yanachukua siku ngapi kutoka? Mnaruhusu kutuma hela Afrika Mashariki au Kongo? Tukitaka kuondoka na kusimama wenyewe, salio linatufuata? Akijibu swali la tatu kwa kuzungukazunguka, mshukuru na uondoke.

*Kila mwaka.* Yeye ndiye anayejaza 990, anayetoa barua za dola 250, anayejisajili kwenye majimbo. Nyinyi mnapeleka risiti na ripoti.

*Mtoaji.* Anapunguziwa kodi, lakini hundi inaandikwa kwa jina la mwenye mwavuli. Wazee wetu hilo hawalipendi. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi nachangia jumuiya, hao wengine ni akina nani?" Nilimweleza mara tatu, akatoa dola 20 badala ya 200.

*Mipaka.* Hela ni za mwenye mwavuli kisheria na yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Akianguka yeye, salio lenu linaanguka naye.

*Inawafaa* wenye mradi mmoja wenye mwanzo na mwisho, au wanaotaka kujaribu mwaka mmoja kabla ya kujifunga.

Na msiba je?

Hapa ndipo simu nyingi huishia. Mtu amefariki Dallas, mwili unatakiwa Bukoba, kikundi cha WhatsApp kinawaka moto, dola 15,000 zinahitajika kabla ya Ijumaa. Je, zipite kwenye akaunti ya 501(c)(3) ili watu wapunguziwe kodi?

Hapana. Mchango uliotolewa kwa ajili ya mtu mmoja anayetajwa kwa jina haupunguzi kodi hata ukipita kwenye shirika la hisani, na shirika linalofanya hivyo kwa wanachama wake tu linajichafulia faili. Shirika la hisani linaweza kuwa na mfuko wa dharura, lakini uwe wazi kwa wahitaji wa eneo, kuwe na kipimo cha uhitaji kilichoandikwa, na asiyekuwa mwanachama aweze kuomba.

Njia iliyo nyepesi ni ile ya zamani: watu wampe mfiwa moja kwa moja. Zawadi si kipato kwa anayepokea, na mtoaji hana cha kutaarifu mpaka ampe mtu mmoja zaidi ya dola 19,000 kwa mwaka, kiwango cha 2025 na 2026. Kinachonitia hofu ni akaunti binafsi ya mweka hazina kupokea hela za watu mia mbili kwa Zelle, njia ya kutumiana hela kati ya akaunti za benki. Si zake, lakini benki inaziona za nani? Kama lazima zipitie mkononi mwake, zitoke siku hiyohiyo kwenda kwa mfiwa au nyumba ya maziko, na orodha ya majina ibandikwe kwenye kikundi.

Kikundi cha kufa na kuzikana chenye ada ya mwezi na ahadi ya kiasi maalumu ni jambo jingine tena. Ukiahidi kila mwanachama dola 10,000 akifiwa, jimbo linaweza kukuona unauza bima. Hapo mtafute wakili wa jimbo lenu, na msiuweke mfuko huo kwenye EIN ya shirika la hisani.

Hali kwa hali

Kama mnakutana mara nne kwa mwaka, mnalipana ada, na hela zote zinatoka mifukoni mwenu: klabu. Jitangazeni, jazeni postikadi kila Mei, mlale.

Kama kuna darasa la Kiswahili la Jumamosi na watoto hawalipi, au mnasomesha yatima nyumbani kwa mpango unaoendelea: shirika la hisani. Mkitarajia chini ya dola 50,000, EZ inatosha, lakini pakueni ile 1023 ndefu muisome hata kama hamtaijaza.

Kama ni kisima kimoja Dodoma na mkikimaliza mmemaliza: mwavuli. Asilimia 7 ya kisima ni nafuu kuliko shirika ambalo miaka mitatu baadaye halina mtu wa kulijazia fomu.

Kama kazi yenu ni kwenda kwenye vikao vya halmashauri ya mji kudai wakalimani: 501(c)(4), au 501(c)(3) kama ushawishi ni sehemu ndogo na mnataka watoaji wapunguziwe.

Kama mna sherehe na pia hisani, na zote ni kubwa, vipo vyama vilivyogawanyika viwili: klabu na shirika la hisani, kila kimoja na EIN, akaunti na bodi yake. Kazi inazidi, lakini hakuna anayelazimika kusema kwamba disko la Desemba ni elimu.

Kama mnataka kumwalika mgombea aje aombe kura na mkusanyie hela zake, msitumie jina wala akaunti ya shirika la hisani.

Kama mmeshafutwa, ingieni kwenye ukurasa wa IRS wa kutafuta mashirika yenye msamaha, andikeni EIN yenu, na angalieni tarehe ya kufutwa na tarehe orodha ilipotangazwa. Shirika dogo lililokuwa na haki ya kujaza postikadi au 990-EZ miaka yote mitatu, na halijawahi kufutwa kabla, lina miezi 15, ikihesabiwa tangu tarehe ya barua au ya tangazo, ipi iliyochelewa, ya kuomba msamaha urudi tangu siku ileile ulipofutwa. Ombi ni jipya na ada ni mpya. Sisi tulilipa 275. Sasa tarehe 15 Mei iko kwenye simu za watu wanne, na anwani ya jumuiya ni sanduku la posta ambalo funguo zake zipo mbili.